Kwa nini alama inageuka? Safari ndefu ya somo la kutolingana hadi madarasa ya Kaniama

KANIAMA – Mwandikie mwanafunzi wa humanite ubaoni −2x < 6, umwombe atafute x. Wengi watakupa jibu haraka: x > −3. Muulize sasa swali la pili: kwa nini ule mdomo wa alama uliokuwa unatazama upande huu umegeukia upande ule? Hapo kimya kinaanza. Mwenye moyo atajibu, "Mwalimu alisema ukigawanya kwa namba hasi, geuza alama." Na ukimuuliza kama −10 inafaa au haifai, atarudi kuitafuta kanuni kwenye daftari, badala ya kuiweka −10 mahali pa x na kujionea mwenyewe kwamba inatoa 20, na 20 si ndogo kuliko 6.

Somo hili wanafunzi wetu wanaliita kwa jina lililotoka katika Kifaransa, inekwasio. Kwa Kiswahili tunaweza kusema hesabu za kutolingana: badala ya kusema kitu hiki ni sawa na kile, tunasema kimezidi, kimepungua, hakijazidi, hakijapungua. Ni maneno ya kila siku sokoni Kaniama, mahali ambapo mahindi yanapimwa kwa meka na kila mnunuzi anaangalia kama meka imejaa au imepunjwa. Sasa ilikuwaje kitu ambacho mama muuza mahindi anakijua vizuri kikawa fumbo kwa mtoto wake aliye darasani? Jibu liko katika historia, na historia hiyo haikuanzia hapa.

Wazo la kutolingana ni la zamani sana kuliko alama zake. Zaidi ya miaka 200 kabla ya Kristo, Archimedes wa Syracuse alitaka kujua mzunguko wa duara unazidi kipenyo chake mara ngapi. Hakuweza kupata namba kamili, na leo tunajua kwamba namba hiyo haiandikiki kamili kwa tarakimu. Alichofanya ni kuibana katikati ya namba mbili. Alionyesha kwamba ni ndogo kuliko 3 na 1/7, tena ni kubwa kuliko 3 na 10/71. Msomaji aitazame kazi hiyo vizuri. Mtu asiyejua jibu kamili alisema jambo la kweli, la uhakika, tena la maana. Ndiyo kazi ya kutolingana, na ni kazi ambayo mwanafunzi akiikosa amekosa nusu ya mahabari ya mahesabu.

Archimedes aliyasema hayo kwa maneno matupu. Alama zilichelewa kweli kweli. Alama ya usawa, ile mistari miwili inayolala sambamba, ilichapishwa mwaka 1557 katika kitabu cha Robert Recorde, daktari mzaliwa wa Wales. Alama < na > zilitokea mwaka 1631 mjini London, katika kitabu cha Thomas Harriot kilichotolewa miaka kumi baada ya kifo chake. Kisha zikapita zaidi ya miaka mia moja, hadi mwaka 1734, ndipo Mfaransa Pierre Bouguer akaweka mistari chini ya alama hizo ili kusema "ndogo kuliko au sawa na". Hesabu mwenyewe: miaka 74 kati ya Recorde na Harriot, na miaka 103 kati ya Harriot na Bouguer. Wataalamu wa Ulaya walihitaji zaidi ya karne moja kupata alama moja ya kutenganisha "zaidi ya" na "isiyopungua". Mtoto wa Kaniama anapewa tofauti hiyo katika saa moja ya somo, darasa limejaa, chaki inakaribia kwisha.

Watu wakizungumzia mahesabu ya zamani ya Kongo, wengi hukimbilia mfupa wa Ishango, uliochimbuliwa mwaka 1950 na Mbelgiji Jean de Heinzelin kule Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Ni sawa, mfupa ule una sifa yake. Lakini kwa watu wa Haut-Lomami kuna kitu cha karibu zaidi, nacho ni lukasa ya Waluba. Ni ubao unaoshikwa kwa mkono wa kushoto, umepambwa kwa shanga na michoro, na mtu wa chama cha Mbudye aliusoma kwa kupitisha kidole cha mkono wa kulia juu yake huku akisimulia habari za wafalme, safari na mahali patakatifu. Lukasa si chombo cha mahesabu, na haifai kuibandika sifa isiyo yake. Ila shanga kubwa iliyozungukwa na shanga ndogo ilimwonyesha mkubwa na watu wake. Kuna pia jambo moja ambalo mwalimu yeyote wa mahesabu angelipenda: alama za lukasa hazikuachwa zijisemee. Aliyejifunza alifundishwa kwa kidole na kwa mdomo pamoja, mpaka naye akaweza kueleza. Alama bila maelezo ilikuwa shanga tu.

Shule ya kizungu ilipoingia Kongo haikufuata njia hiyo. Mwaka 1906 Serikali ya Leopold II ilifanya mapatano na Vatican: misheni zilipewa ardhi, nazo zikachukua kazi ya kufundisha. Shule nyingi zilikuwa za msingi, zenye kusoma, kuandika, kuhesabu, dini na kazi za mikono. Nchi ilitaka makatekista, makarani na wafanyakazi. Reli ya BCK ilipokamilika mwaka 1928 kutoka Bukama hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ikipita Kamina na Kaniama, kazi za kuandika na kuhesabu ziliongezeka katika njia yote: uzito wa mizigo, bei ya tiketi, mishahara. Mahesabu ya namna hiyo yana jibu moja, na karani akilikosa anaulizwa. Hakuna anayemwomba karani aseme "mzigo huu uko kati ya hapa na pale".

Hesabu za kutolingana zinakaa katika aljebra, na aljebra inakaa sekondari. Mlango wa sekondari ya elimu ya jumla ulikuwa mwembamba sana kwa Mkongo. Ulianza kupanuka na mpango wa mwaka 1948, ukapanuka tena mwaka 1954 shule za serikali zisizo za misheni zilipofunguliwa kwa Waafrika, mwaka uleule ambao chuo kikuu cha Lovanium kilianza Léopoldville. Cha Élisabethville kikafuata mwaka 1956. Kwa hiyo wazee wetu walio wengi, hata wale wenye akili kali ya biashara, waliondoka shuleni kabla ya kukutana na alama ya Harriot katika aljebra. Waliijua maana yake bila kuiona sura yake. Watoto na wajukuu wao ndio wanaoijua sura bila maana.

Jambo hilo la pili lilitokeaje? Hapa inafaa kukaa kidogo, maana lawama nyingi zinatupwa mahali pasipo pake.

Katika miaka ya 1950 na 1960 Ulaya na Marekani zilitaka kufundisha mahesabu upya, kwa jina la mahesabu ya kisasa. Mwaka 1959 wataalamu walikutana Royaumont, Ufaransa, kujadili mageuzi hayo. Ubelgiji ilikuwa na watu wawili walioyabeba kwa nguvu: Georges Papy na mke wake Frédérique Lenger. Mwaka 1961 walianzisha kituo cha ufundishaji wa mahesabu, mwaka 1963 kitabu cha kwanza cha Papy cha mahesabu ya kisasa kikatoka, na kuanzia mwaka 1968 mpango huo ukawa wa lazima katika mwaka wa kwanza wa sekondari za Ubelgiji.

Wengi wanakumbuka mahesabu ya kisasa kwa seti na mabano yake, na wanayacheka. Lakini Papy na Frédérique walikuwa na kitu kimoja kizuri mno, nacho ni mishale ya rangi. Chora vitone vichache, kila kimoja ni namba. Kutoka kila namba piga mshale kwenda kwa kila namba iliyo kubwa kuliko yenyewe. Mtoto anaona kwa macho kwamba kama mshale unatoka 2 kwenda 5, na mwingine unatoka 5 kwenda 9, basi lazima uwepo unaotoka 2 kwenda 9. Anaona kwamba hakuna mshale unaotoka kwenye namba na kurudi kwenye namba ileile. Tena ukigeuza mishale yote, "ni ndogo kuliko" inakuwa "ni kubwa kuliko", bila mtu kukariri neno hata moja.

Kongo ilikuwa imepata uhuru mwaka 1960, lakini mafundisho yake yaliendelea kutazama Brussels, na seti zikaingia katika madarasa yetu. Majirani wanaosema Kiingereza nao walipita njia yao. Kuanzia mwaka 1962 wataalamu wa Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, Uganda, wakaandika vitabu vya mahesabu ya kisasa vilivyosambaa katika nchi kadhaa za Afrika. Kenya iliyafuta mahesabu hayo mwaka 1981 kwa tamko la Rais Daniel arap Moi, kutokana na malalamiko kwamba watoto hawawezi tena kuhesabu.

Kwetu hapakuwa na tamko kama hilo. Yalichujika polepole tu, na kilichobaki kwenye chujio ni sura. Mpaka leo mwanafunzi wa Kongo anaandika jibu la inekwasio yetu ya kwanza hivi: ]−3, +∞[, bano la kwanza limepewa mgongo ili kuonyesha kwamba −3 yenyewe haimo. Ni mtindo uliotoka kwa wale Wafaransa walioandika kwa jina la Bourbaki. Mtindo wenyewe ni mzuri. Shida ni kwamba mshale wa Papy, uliokuwa na maana, ulipotea njiani, na bano lililokuwa vazi tu likafika salama.

Mwaka 1967 nchi iliweka mtihani wa Serikali mwishoni mwa sekondari, ule vijana wanauita Exetat. Maswali yake ya mahesabu ni ya kuchagua jibu moja kati ya kadhaa yaliyoandikwa tayari. Kwa kusahihisha karatasi za nchi kubwa kama hii, mtu anaelewa kwa nini. Lakini kwa somo la kutolingana mtindo huo una madhara ya pekee. Mwanafunzi hujifunza kutambua bano linalofaa, na kumaliza kwa kanuni ya "geuza alama" kunampa alama sawa na yule aliyeelewa. Mwalimu naye, akipimwa kwa idadi ya waliofaulu, atafanya nini? Atafundisha kugeuza.

Kuna pia suala la lugha, na hili halizungumzwi vya kutosha. Kwa Kifaransa cha mahesabu, namba "positif" inaweza kuwa sifuri. Ukitaka kuiondoa sifuri lazima uongeze neno. Mtoto anayesikia lugha hiyo darasani tu atabebaje tofauti hiyo? Kumbe Kiswahili kina njia yake tayari, tena nyepesi. Ukisema "zaidi ya 5", 5 haimo. Ukisema "isiyopungua 5", 5 imo. Kile ambacho Bouguer alikiwekea mistari mwaka 1734, Kiswahili kinakisema kwa kukanusha kitenzi: isiyozidi, isiyopungua. Mtoto anayetumwa dukani na kuambiwa "usinunue kwa bei inayozidi elfu mbili" hatarudi mikono mitupu kwa sababu bei ni elfu mbili kamili. Anajua kwamba mpaka wenyewe unaruhusiwa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia shule ya msingi, lakini somo hili linafika wakati mtoto ameshahamishiwa katika Kifaransa kitupu. Si lazima mwalimu aache Kifaransa, maana mtihani uko katika lugha hiyo. Dakika tano za "isiyozidi" kabla ya kuandika ≤ zingetosha.

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo, kwa nini alama inageuka. Kaniama ina ubao wake wa kulieleza jambo hili, nao ni reli. Chukua stesheni ya Kaniama iwe sifuri. Kwenda upande wa Kamina ziwe namba chanya, kwenda upande wa Luputa ziwe hasi. Mtu mmoja yuko kilomita 2 upande wa Kamina, wa pili yuko kilomita 5 upande uleule. Wa pili ametangulia kuelekea Kamina: 2 < 5. Wote wawili warudi nyuma kilomita 3. Mmoja yuko −1, mwingine yuko 2, na wa pili bado ametangulia. Kujumlisha na kutoa hakubadilishi nani yuko mbele. Kila mmoja apunguze umbali wake kutoka stesheni kwa nusu: 1 na 2.5, bado mpangilio ni ule ule. Sasa zidisha kwa −1, yaani kila mmoja avuke stesheni akasimame umbali uleule upande wa Luputa. Wa kwanza yuko −2, wa pili yuko −5. Nani yuko karibu zaidi na Kamina? Ni yule wa kwanza. Aliyekuwa mbele zaidi upande huu amekuwa nyuma zaidi upande ule. Alama imegeuka kwa sababu watu wamevuka sifuri, na mwanafunzi aliyewaona wakivuka hahitaji kukumbushwa. Wengine hupenda mfano wa madeni, kwamba mwenye deni la 5 ana hali mbaya kuliko mwenye deni la 2. Nao ni mzuri, ila reli inaonekana kwa macho.

Tangu mwaka 2018 wizara imeanza kuleta mpango mpya wa mahesabu na sayansi kwa madarasa ya saba na ya nane, unaotaka kila somo lianzie katika hali ya maisha na si katika kanuni. Kwa karatasi, ni kurudi kwenye mwenendo wa lukasa: kwanza simulizi na kidole, kisha alama. Katika mazoea kuna hatari kwamba hali hiyo nayo itanakiliwa ubaoni, ikaririwe, ifutwe. Itategemea maswali ambayo mwalimu anayaongeza mwenyewe.

Na maisha yanayosubiri hesabu hizi si ya darasani tu. Mwaka 1938 Leonid Kantorovich, kijana wa Leningrad, aliulizwa na kiwanda cha mbao namna ya kugawa kazi kwa mashine zake, akaona kwamba swali zima ni mkusanyiko wa "isiyozidi": saa zisizozidi hizi, mbao zisizozidi zile. Mwaka 1947 Mmarekani George Dantzig alipata njia ya haraka ya kutatua maswali kama hayo. Mashamba makubwa ya mahindi ya Kaniama-Kasese, mabehewa ya reli, dawa katika kituo cha afya ambazo muuguzi hatakiwi kuzidisha kiasi chake, vyote vinasema lugha hiyo.

Chukua hesabu ndogo kabisa. Mama ana faranga 10,000. Usafiri wa kwenda na kurudi ni 2,500, daftari moja ni 1,500. Anaweza kununua madaftari mangapi? 1,500x + 2,500 ≤ 10,000, hivyo x ≤ 5. Wengi wanaandika 5 na kufunga kalamu. Mwalimu aulize kama 3 ni kosa, na darasa litagawanyika. Kumbe 3 inafaa, na 0 inafaa, na 5 ndiyo ya mwisho tu. Kisha bei ya daftari ipande hadi 1,600, kama zinavyopanda bei zetu. Sasa x haizidi 4.6875. Mwanafunzi aliyefundishwa kukadiria namba iliyo karibu ataandika 5, na mama atakuwa dukani amepungukiwa na faranga 500. Aliyeelewa ataandika 4, tena atakuambia kwamba mama atabaki na faranga 1,100 mkononi.